Anapenda maji ila mtumbwi hautaki: kisa cha mbwa mmoja na safari ya siku nne

## Kabla sijaanza

Wenyewe wameniruhusu nikiandike hiki kisa, ila majina, ziwa na chochote kinachoweza kukufanya uwatambue nimekiondoa. Mbwa tumwite Tosha. Mwenye mbwa nitamwita dada tu, manake hata kwenye simu ndivyo ninavyomwita, na anayepiga naye kafi ni kaka yake. Mimi kazi yangu ni kufundisha mbwa, na niliitwa katikati, mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo ile sehemu ya mwanzo naisimulia kama walivyonisimulia wao, na kuna vitu hawakubaliani mpaka leo, hasa nani alifunga kamba.

## Mbwa na watu wake

Tosha ni dume, chotara, miaka miwili kasoro, kilo 24, anapenda maji mpaka inakera. Ukirusha kijiti ziwani yeye yuko hewani kabla kijiti hakijatua. Sasa kosa la kwanza lilizaliwa hapo hapo, manake wakajiambia mbwa anayeogelea namna hii atashindwaje kukaa kwenye mtumbwi. Hili naliona karibu kila mara. Akiogelea, mbwa ndiye anayeamua, anaingia akitaka na anatoka akitaka. Mtumbwini sakafu inayumba, kucha zinateleza, hana pa kwenda, na yale maji anayoyapenda yako pale pale sentimita chache halafu anaambiwa asiyaguse. Nikiambiwa nichague mbwa wa kuanza naye mtumbwi, nipe yule mvivu asiye na habari na maji.

Mtumbwi wao ni wa watu wawili, plastiki ngumu, karibu mita tano, sakafu laini kama sahani. Kupiga kafi wote wanajua vizuri tu, hawakuwa wageni wa maji. Mpango ulikuwa siku nne, usiku tatu, maziwa matatu yaliyounganishwa na mto, katikati kuna kipande cha kama mita 800 cha kubeba mtumbwi mabegani porini, hakuna barabara wala mtandao wa simu. Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

## Siku ya kwanza majini

Walimvalisha hanesi (mikanda ya kifuani na mgongoni) yake ya kutembelea, jaketi okozi hana, kamba ya mita moja na nusu ikafungwa kwenye ule ubao wa katikati "ili asiruke". Wakasukuma. Dakika za mwanzo ilikuwa vichekesho, Tosha akienda kushoto mtumbwi unalala kushoto, akihisi unalala anakimbilia kulia, kaka mtu amekaa omo, yaani mbele ya mtumbwi, anacheka tu. Halafu bata wawili wakatimka kutoka kwenye matete na Tosha naye akatimka.

Kamba ikamkamatia hewani, nje ya ukingo. Kilo 24 zikaning'inia upande mmoja na mtumbwi ukapinduka hapo hapo.

Dada anasema alipotoa kichwa majini aliona kafi lake linaelea, akaona kofia ya kaka yake, mbwa haoni. Mtumbwi ulikuwa kifudifudi. Kisha akaona kamba imenyooka inaingia chini ya ukingo na inatikisika. Tosha alikuwa ubavuni mwa mtumbwi, pua tu ndiyo iko nje, kamba imemvutia chini, na kila akipiga miguu anajikaza zaidi. Klipu iko mgongoni kwenye hanesi na ikagoma kufunguka kwa sababu kamba imekaza, ikabidi amkumbatie, amsukume kuelekea mtumbwini ili kamba ilegee, ndipo kidole gumba kikaweza kubonyeza. Kucha zilimchana kuanzia shingoni mpaka tumboni. Yeye anasema ilichukua sekunde ishirini, kaka yake anasema dakika nzima. Maji yalikuwa ya kifuani na hayakuwa ya baridi, hilo liweke akilini nitalirudia.

Kumfunga mbwa mtumbwini ni hapana, na hapa sina "labda". Akiruka, aruke, atakuwa mbwa anayeogelea na nyie mko juu mnamfuata. Akiwa amefungwa, yeye amekuwa nanga.

## Hali niliyoikuta

Nilienda siku sita baadaye. Mtumbwi ulikuwa uani umeegeshwa ukutani, na Tosha alikuwa anazunguka ua mzima ili asipite karibu nao. Nikatoa vipande vya maini ya kukausha, vitu ambavyo mbwa wachache sana hukataa. Mita kumi kutoka mtumbwini alikula. Mita sita alikula ila akawa anavipokonya mkononi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mita nne alivichukua, akavitema, akapiga mwayo, akalamba midomo mara tatu na kuangalia pembeni. Mwayo ule sio usingizi. Mbwa anayepiga mwayo na kulamba midomo huku masikio yamelala nyuma anakwambia amebanwa, na mbwa mlafi anayetema maini amekwambia kwa herufi kubwa.

Kaka mtu alikuwa na wazo lake, na wengi wanalo: tumbebe, tumtie ndani, tusukume, akiona hafi atazoea. Nilimkatalia. Wapo mbwa wanaotulia ukiwafanyia hivyo, ila ukiangalia vizuri wengi wamekata tamaa tu, na mbwa aliyekata tamaa utamjua siku moja mtumbwi wako ukishapinduka.

Swali la pili aliuliza dada, na lilikuwa swali zuri kuliko yote: "Mwalimu, kwani lazima aende?" Nikamwambia sio lazima. Tukakubaliana kwamba wiki moja kabla ya safari tutamwangalia, akiwa hayuko tayari anabaki kwa ndugu na hakuna wa kumlaumu. Nadhani hilo peke yake lilipunguza stresi ya nyumba nzima, Tosha akiwemo.

## Tulichoamua na kwa nini

Kwanza mtumbwi ulilazwa nyasini, ukakingwa na magogo pande zote usitikisike hata kidogo, na chakula chake cha jioni kikaanza kuwekwa mita saba kutoka pale. Kila jioni bakuli linasogea kidogo, akisita linarudi nyuma. Hakuna kumwita, hakuna kumsifia, bakuli tu. Siku ya kumi na moja bakuli lilikuwa limegusa ukingo. Siku ya kumi na nne alikula likiwa ndani, miguu ya mbele mtumbwini ya nyuma nyasini, amenyooka kama anayechungulia kisima. Dada akanitumia video saa nne usiku.

Sakafu ndiyo ilikuwa ishu kubwa kuliko maji yenyewe, na hapo nilikosea mimi. Niliwaambia watandike zulia kuukuu. Nyasini lilifaa. Mara ya kwanza majini likalowa, likawa zito, likaanza kuteleza lenyewe juu ya plastiki na Tosha juu yake, tukapoteza karibu wiki kumrudisha alipokuwa. Tukabadilisha, tukachukua lile godoro jembamba la sponji la kulalia kambini, aina isiyonywa maji, tukalikata lienee sakafuni na kulibana chini ya mizigo lisicheze. Siku ile ile miguu yake ikaacha kutetemeka. Mbwa akipata pa kushika kucha, nusu ya woga inaondoka.

Mahali pa kukaa tulibishana. Kaka alitaka mbwa akae omo, mbele yake, manake picha zinapendeza. Mimi nikasema hapana, akae katikati nyuma ya mizigo, mbele tu ya anayekaa tezi (nyuma ya mtumbwi), na anayekaa tezi awe dada. Kilo 24 zikiwa chini na katikati mtumbwi hauzihisi, zikiwa zimesimama omo kila kichwa kikigeuka mtumbwi unageuka nacho. Halafu dada akinyoosha mkono anamfikia, na mbwa anayeguswa begani na mtu wake anatulia kuliko anayeitwa kwa sauti kutoka mita mbili.

Maneno yalikuwa matatu, panda, tulia, shuka. Panda ilichukua siku mbili. Tulia alikuwa analijua kutoka nyumbani. Shuka ilichukua wiki tatu, na kama utasoma sehemu moja tu ya haya maelezo soma hii. Katikati ya ziwa mtumbwi hausumbui sana, shida kubwa iko ufukweni, pale omo inapokaribia kugusa, watu wameshaanza kuinuka, mmoja ana mguu nje, na mbwa ameona nchi kavu akaruka. Kwa hiyo tulimfundisha kwamba kufika hakumaanishi kushuka. Omo inagusa, tulia. Kaka anashuka, tulia. Kaka anashika mtumbwi, tulia, kipande cha ini kwa kutulia. Halafu ndio "shuka". Tulifanya nyasini mara nyingi mpaka jirani akauliza hawa watu wanasafiri kwenda wapi kila siku.

Jaketi okozi alilivaa nyumbani kwanza, wakati wa kula, ili lihusiane na mlo. Walinunua lenye mpini imara mgongoni, na kulipima tulifanya hivi: vidole viwili vipite chini ya mkanda, halafu mwinue kwa ule mpini miguu iache ardhi kidogo. Likimpanda shingoni au yeye akichomoka, halifai. La kwanza lilirudishwa dukani.

Mwisho kabisa tukapindua mtumbwi makusudi, kwanza wakati Tosha hayupo ili wao wakumbuke mwili unafanyaje, halafu mmoja wao akaruka majini na Tosha, maji ya kiunoni. Kumpandisha tulielewana kwamba aliye ndani anavuta kwa mpini huku mwenzake akiegemea upande wa pili kusawazisha, na kama wote wako majini hakuna anayempandisha mtu, mnaogelea ufukweni na mbwa wenu basi.

Kwa daktari wa mifugo walienda mapema, chanjo zikiwemo za leptospirosis manake ule ugonjwa unakaa kwenye maji yenye mkojo wa wanyama, na dawa za kupe. Nikawasisitizia pia dawa za maumivu za binadamu, paracetamol na ibuprofen, zisimkaribie mbwa hata kipande. Kumbe hilo lingehitajika.

Wiki moja kabla tukakaa kama tulivyoahidi. Alikuwa ameshakaa majini mara tisa, ndefu kuliko zote saa moja na nusu. Nikasema anaweza. Ningependa mara tano zaidi, na niliwaambia.

## Safari

Siku ya kwanza upepo, mawimbi madogo yanagonga ubavuni, Tosha alilia kwa pua dakika ishirini za mwanzo halafu akajikunja akalala. Walikuwa wanapumzika kila baada ya saa moja, dakika kumi nchi kavu, anakojoa, ananusa, wanaendelea. Usiku hakulala, kila kitu kikikatika huko nje ananguruma. Usiku wa pili walimweka ndani ya hema katikati yao na taa ndogo kwenye kola, akakoroma.

Siku ya pili lilikuja joto, na hapa tuliteleza wote. Lile jaketi ni jeusi. Saa saba mchana, ziwani hakuna kivuli, mbwa amelala kimya na wao wakafurahi ametulia. Dada alipomgusa mgongo kupitia jaketi akashtuka, lilikuwa kama sufuria. Ulimi ulikuwa mpana umejikunja nchani, mate mazito, anahema haraka haraka. Mbwa jasho hatoi kama sisi, kidogo tu kwenye nyayo, kupoa kwake ni kuhema, na sisi tumemvalisha koti. Walikimbilia ufukweni, wakavua jaketi, wakamloanisha tumbo na miguu, wakampa maji kidogo kidogo, baada ya nusu saa akawa sawa. Kuanzia hapo jaketi lilikuwa linalowekwa kabla ya kuvaliwa na saa za jua kali hawakusafiri.

Jioni yake walitaka kuweka kambi kwenye ghuba moja nzuri, maji yametulia, ila ufukweni kuna utando wa kijani kama rangi iliyomwagika. Wakaondoka. Mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kunywa tu, au kwa kujilamba manyoya baada ya kuogelea. Kwa macho huwezi kujua upi una sumu na upi hauna. Walipiga kafi saa moja zaidi wamechoka, wakafika gizani, na ule uchovu ndio nadhani ulizaa kilichofuata.

Kambi waliyofikia ilikuwa imetumika na wavuvi. Kawaida dada hukagua sehemu kabla mbwa hajashuka, safari hii hakukagua. Dakika tano tu Tosha akaja anapiga mdomo kwa mguu, ndoana imeingia mdomo wa chini na kipande cha mshipi kinaning'inia. Bahati ilikuwa nje kwenye nyama ya mdomo, hakumeza. Angemeza, hakuna kuvuta mshipi, ni kurudi kwa daktari tu. Kaka alimlalia shingoni, dada na tochi ya kichwani akaisukuma ncha mbele mpaka ikatokeza upande wa pili, akaikata kwa plaizi kile kichwa chenye mwiba wa kuzuia, halafu akairudisha ilikotoka. Tosha alilia mara moja. Kaka akauliza tumpe nusu kidonge cha maumivu? Dada akasema mwalimu alisema hapana. Wakasafisha na maji safi, asubuhi akala kama kawaida.

Siku ya tatu ndiyo ninayoipenda. Wanaingia kwenye mdomo wa mto, matete pande zote, na bata wakatimka, tena karibu kuliko ile siku ya kwanza. Tosha akainuka. Miguu minne imekaza kwenye sponji, mkia juu, anatetemeka mwili mzima. Dada akaacha kafi mapajani, akamwekea mkono begani, akasema "tulia" kwa sauti ya kawaida kabisa, anasema sauti yake ndani ya kichwa haikuwa ya kawaida. Akatetemeka kama sekunde nne. Halafu akakaa, akageuza shingo akamwangalia, yaani anadai ini lake.

Siku ya nne, mwisho wa safari, gari wanaliona, wote wameshachoka na kufurahi, hakuna aliyesema tulia. Omo ikagusa, kaka akainuka, na Tosha akaruka akimpita ubavuni. Mtumbwi uliyumba ukanywa maji ndoo nzima. Simu ya kaka ikafa.

## Kilichosaidia na kilichofeli

Watu wakisikia hiki kisa wanasifia subira ya wiki za nyasini. Sawa, ila kilichofanya kazi hasa ni kurudi nyuma, na kurudi nyuma bila aibu. Bakuli lilirudishwa mara saba kwa hesabu ya dada. Kila tulipolazimisha mbele, lile zulia ni mfano, tulilipa kwa siku nyingi kuliko tulizookoa.

Kuokoka kwa Tosha ile siku ya kwanza sikuweki kwenye mafanikio, ilikuwa bahati. Nilisema uweke akilini kina na joto la maji. Kwenye maji ya baridi kali vidole hufa ganzi haraka na ile klipu isingefunguka, na pasipo kina cha kusimama dada asingekuwa na pa kukanyaga ili amsukume.

Joto lilikuwa kosa langu kama lilivyokuwa lao. Nilifundisha jaketi kama kitu cha kuelea, sikulifundisha kama koti. Pia "ametulia" tulilisoma vibaya wote. Wiki nane tulikuwa tunatafuta mbwa aliyelala kimya, tulipompata hatukuuliza kwa nini yuko kimya. Siku hizi kwa kila ninayemfundisha naweka sheria kwamba kila mapumziko unaangalia ulimi, nyayo na mgongo chini ya jaketi. Nyayo nazo zilichubuka kwenye ile njia ya kubeba mtumbwi, mawe makali, na hatukuwa tumezizoesha njia ya mawe hata siku moja. Chakula kilikuwa kidogo pia, walibeba kipimo cha nyumbani kwa mbwa ambaye anafanya kazi kutwa, akarudi mbavu zinahesabika.

Ile ya siku ya nne nimeifikiria sana. Tabia ya kusubiri ilikuwepo, siku ya tatu tumeiona. Ila tuliijenga juu ya neno, na neno lisiposemwa hakuna kitu. Ningeanza upya ningemfundisha kwamba kutulia ndiyo hali ya kawaida ya mtumbwini na ni "shuka" peke yake inayoivunja, ili watu wakisahau, na watasahau, mbwa abaki amekaa.

## Tulipo sasa

Wameshaenda mara mbili tena, safari fupi, jaketi la rangi ya machungwa. Kushuka amerekebishika, nimeenda kuona mwenyewe. Kitu kimoja bado kinatushinda, kafi likigonga ukingo, ule mlio wa "ko", anaruka kama amepigwa, nadhani ndio sauti ya mwisho aliyoisikia kabla ya kupinduka. Kaka mtu amezungushia ukingo mpira wa tairi la baiskeli pande zote mbili na sasa mtumbwi unaonekana wa ajabu, ila mlio umepungua, na jioni bakuli limerudi nyasini mita tatu kutoka anapokaa kaka akigonga kafi taratibu kwenye ndoo.